Je, wajua ngamia waliwahi kushuka Mikindani?

Leo nimekuja na kisa, na nina deni la kulipa. Nianze na kisa.

Majuzi nilikuwa napekuapekua kwenye kamusi elezo, hii ya intaneti tunayoijua wote kwa jina la Wikipedia, nikitafuta habari za kusini. Nilianza na Mtawanya. Wikipedia ya Kiswahili ina makala fupi za kata nyingi sana za Tanzania, na Mtawanya ya Mtwara imo. Iko mkoa gani, wilaya gani, sensa ilihesabu watu wangapi. Basi, umemaliza kusoma kabla chai haijapoa. Sasa niambie, ni nani atamtumia rafiki yake kitu kama hicho? Hakuna.

Nikasogea mbele kidogo. Kutoka Mtawanya nikafika Mikindani, Mikindani nikamkuta David Livingstone na shajara ya safari yake ya mwisho, na ndani ya shajara nikakuta ngamia. Ngamia! Mikindani! Nikaona leo nimepata. Nikaingia Facebook nikaandika: Je, wajua? Mwaka 1866 ngamia 6 walishushwa pwani ya Mikindani. Nikabandika picha ya ile nyumba ya zamani yenye kibao kinachomtaja Livingstone, nikaongeza kwamba humo ndimo alimokaa.

Ikasambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu wakatumiana kwenye makundi ya WhatsApp. Watu ambao hawajawahi kusoma mstari wangu hata mmoja wakaanza kunifuata. Nikavimba kichwa, sina haja ya kuficha.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mzee mmoja wa Mtwara, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba, akaniuliza maswali mawili tu: "Mwanangu, ngamia umewahesabu. Watu waliokwenda nao walikuwa wangapi? Na hiyo nyumba, nani kakuambia kwamba ni hiyo?"

Sikuwa na jibu hata la swali moja. Hilo ndilo deni langu.

Kabla sijalilipa, nikaona nijiulize kwanza jambo jingine. Huu mchezo wa "je, wajua" umetoka wapi? Maana tunauona kama kitu cha simu, kitu cha kizazi chetu kisichopenda kusoma. Wazee wanatulaumu kila siku kwamba tunaishi kwa vipande vipande vya habari. Je, wao hawakuwa navyo?

Walikuwa navyo, tena kwa wingi. Mwaka 1881 huko Manchester, Uingereza, bwana mmoja aitwaye George Newnes alianzisha gazeti la wiki lililoitwa Tit-Bits. Kazi ya gazeti lile ilikuwa kukata vipande vitamu kutoka kwenye vitabu na magazeti ya dunia nzima na kuwauzia watu. Utani kidogo, ajabu kidogo, historia kidogo, zote fupi za kusomwa ndani ya treni. Newnes akatajirika. Wasomi wa wakati ule wakalalamika kwamba vijana wanaharibika akili. Lawama ni ile ile, kilichobadilika ni treni kuwa daladala na gazeti kuwa simu.

Na sisi? Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA kule Zanzibar walianza kuchapisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Lilikuwa na barua na habari kutoka vituo vya misheni, vikiwamo vya Masasi na Newala, yaani huku huku Mtwara ya leo. Fikiria mwalimu kijana aliyeko Newala anaandika barua kwa Kiswahili, barua inatembea kwa miguu hadi pwani, inavuka bahari, inachapishwa, halafu inasomwa na wenzake walioko Magila au Zanzibar mjini. Kama huko siko kushirikishana habari, basi sijui ni nini. Baadaye, Januari 1923, serikali ya kikoloni ikaanzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Humo wasomaji walikuta habari za dunia, mashairi, barua, na historia za makabila zilizoandikwa na wenyeji wenyewe.

Wikipedia nayo ilipoanza mwaka 2001 haikuchelewa kuigundua dawa hii. Mwaka 2004 toleo la Kiingereza likaanzisha sehemu ya "je, wajua" kwenye ukurasa wake wa mbele. Kila siku vinawekwa vidokezo kadhaa vya kumvuta msomaji aingie kwenye makala mpya. Na tangu 2020 kuna kurasa maarufu iitwayo Depths of Wikipedia, iliyoanzishwa Instagram na mwanafunzi wa chuo kikuu wa Marekani, Annie Rauwerda, wakati watu wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Yeye anaokota tu mambo ya ajabu yaliyomo kwenye kamusi ile na kuwaonyesha watu. Mamilioni wanamfuata.

Lakini angalieni kitu kimoja kwenye ile sehemu ya "je, wajua" ya Wikipedia ya Kiingereza. Ina masharti. Kidokezo kisizidi herufi 200. Jambo linalotajwa lazima liwemo ndani ya makala yenyewe. Na ndani ya makala lazima lionyeshwe limetoka wapi. Kwa hiyo kile kipande kifupi kimefungwa kwa kamba kwenye kitu kikubwa kilichoko nyuma yake. Ukivuta kamba unaifikia makala, na ukiendelea kuvuta unakifikia kitabu.

Mimi nilikata kamba. Nilichukua ngamia nikaacha kila kitu.

Haya, sasa nilipe.

Livingstone alitoka Zanzibar Machi 1866 akitaka kuingia bara kwa kupitia mto Ruvuma. Mdomoni mwa mto ule kuna matope na mikoko, wanyama wasingeweza kushuka, kwa hiyo wakarudi kaskazini kidogo hadi ghuba ya Mikindani. Alikuwa na ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa kutoka India pamoja na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Sababu ya kuleta zoo nzima namna hiyo? Alitaka kujaribu kama kuna mnyama wa mizigo atakayestahimili mbung'o. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe na farasi, na bila mnyama wa mizigo kila kitu kilibebwa kichwani na binadamu. Jaribio lilishindwa. Wanyama wale walikufa njiani ndani ya miezi michache, kwa kuumwa na mbung'o na kwa kupigwa na kufanyishwa kazi kupita kiasi.

Na watu je? Shajara imewahesabu. Askari 13 kutoka India. Wanaume 10 wa Anjouan, visiwa vya Komoro. Vijana 9 waliokuwa wamelelewa kwenye shule ya misheni ya Nasik, India. Watu 2 wa Shupanga, kwenye mto Zambezi. Na Wayao 2. Jumla 36, Mzungu mmoja hayumo. Unaona? Jibu lilikuwa kwenye kitabu kile kile, jirani kabisa na ngamia, nikaliruka.

Mmoja wa wale Wayao wawili aliitwa Chuma. Mwaka 1861, akiwa mtoto, alitolewa kwenye msafara wa watumwa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Akapelekwa India, akarudi, na mwaka 1866 akatoka Mikindani akiwa kijana. Miaka 7 baadaye, Livingstone alipofariki kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, Chuma na mwenzake Susi ndio waliouongoza msafara uliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwaka uliofuata Askofu Edward Steere alimwajiri Chuma kuongoza msafara wake wa kwenda bara. Na mwaka 1876 Steere aliwapeleka watu waliokombolewa utumwani kuanzisha kijiji Masasi. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882.

Sasa pima mwenyewe. Kati ya ngamia aliyekufa njiani na kijana aliyekombolewa kutoka minyororo akaja kuwa kiongozi wa misafara, nani anastahili "je, wajua"? Nilimwacha Chuma nikamchukua ngamia kwa sababu ngamia anachekesha.

Na msafara ule ulipita wapi? Ulipanda kandokando ya Ruvuma, njia ya misafara ya watumwa. Juni 1866 Livingstone aliandika kwamba walipita mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekwisha kufa. Habari ile ile, mto ule ule. Hilo halikuwemo kwenye picha yangu nzuri ya nyumba ya Mikindani.

Kuhusu nyumba: shajara inasema tu kwamba alipanga nyumba kwa dola 4 kwa mwezi. Kibao ni kibao, nami nilikisoma kama hati ya kiwanja. Nimeirekebisha habari yangu, na nimeandika wazi kwamba nilikosea. Ila ngoja niwaambie ukweli mchungu: marekebisho hayakusambaa hata robo ya kosa.

Baada ya hapo nikataka kujaribu tena, safari hii na kamba yake. Nikaandika: Je, wajua? Kusini mwa mdomo wa Ruvuma kuna mahali paitwapo Kionga, ambapo mwaka 1916 palitolewa stempu zenye jina lake. Nikasema humo humo kwamba anayetaka kisa kizima aendelee kusoma chini.

Kisa kizima ni hiki. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma ndio mpaka wao. Mwaka 1887 Wareno wakaiteka Tungi, kusini ya hapo, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1894 Wajerumani wakadai kwamba karibu na bahari mpaka haufuati mto bali mstari ulionyooka, nyuzi 10 na dakika 40 kusini ya Ikweta. Kwa mstari huo wakajipatia kipande cha ardhi ng'ambo ya mto, na Kionga ikawa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Machi 1916 Ujerumani ikaitangazia Ureno vita, na Aprili Wareno wakaitwaa Kionga. Wakachukua stempu zao za Lourenço Marques, wakazigonga jina la Kionga juu yake. Stempu za aina 4 tu, na hadi leo wakusanyaji wa stempu duniani wanazitafuta. Baada ya vita, mwaka 1919, mataifa yaliyoshinda yakathibitisha kwamba kipande kile ni cha Ureno. Ndiyo ardhi pekee ambayo Ureno iliipata kutokana na vita ile nzima.

Kwa hiyo watu wa Kionga walibadilishiwa bwana mwaka 1894, wakabadilishiwa tena 1916, na hakuna aliyewagongea hodi kuwauliza. Leo ni raia wa Msumbiji, wakati wangeweza kabisa kuwa Watanganyika wenzetu. Mpaka ulihama, wao walikuwa wamekaa pale pale.

Na ukizidi kuvuta, kamba haishii hapo. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno mahali paitwapo Negomano. Miaka ya 1960, vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza, watu walivuka kuja upande wetu wakikimbia. Na mwaka 2010 marais Kikwete na Guebuza walifungua Daraja la Umoja, mita 720, kutoka Mtambaswala hadi, wapi tena? Negomano. Mahali pale pale. Hilo nililijua kwa kuvuta kamba ya stempu.

Je, habari hii ilisambaa kama ngamia? Hapana. Ilisambaa kidogo. Lakini waliokuja walikaa. Dada mmoja aliniandikia kwamba bibi yake anatoka upande ule wa mto na hakuwahi kuelewa kwa nini ndugu zake wanaitwa wageni. Mwingine akaniuliza kitabu gani asome. Kwa ngamia hakuna aliyeniuliza kitabu.

Nije sasa kwenye la tatu, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikae chini kuandika.

Kuna kidokezo kingine kinachopendwa sana mitandaoni: kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waligeuza vifaru kuwa matrekta ya kulimia karanga Tanganyika. Ni kweli. Vifaru aina ya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick. Watu hucheka, na mimi nilicheka. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mpango ukaanza mwaka 1947, lengo ekari milioni 3 na ushei, maeneo yakiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ardhi ngumu, mvua haba, mashine zikafa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakubali yaishe, ikafuta hasara ya karibu pauni milioni 36. Hapo ndipo kidokezo kinapoishia: Wazungu wajinga, karanga, vifaru, kicheko.

Sasa uliza kama yule mzee. Watu wa Mtwara walibaki na nini?

Ili karanga za Nachingwea zifike melini, ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na mji ukapangwa kuizunguka, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Ukitembea Mtwara ukashangaa barabara pana kuliko magari, ni mji uliochorwa kwa ajili ya utajiri ambao haukuja. Bandari ikabaki. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nina maana kwamba kuna wazee kusini walioiona reli inakuja na wakaiona inaondoka.

Songa mbele hadi Desemba 2012. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, imeanza kuzungumzwa kwa mabilioni, na bomba linapangwa kwenda Dar es Salaam. Wakazi wa Mtwara wakaandamana kulipinga. Mei 2013 vurugu zikazuka tena, watu wakapoteza maisha, nyumba zikachomwa. Nakumbuka jinsi sisi vijana wa mjini tulivyoijadili. Wengi tulisema watu wa kusini hawaelewi maendeleo. Tulikuwa na vidokezo mkononi: gesi kiasi gani, bomba kilomita ngapi, Mtwara ina korosho. Hatukuwa na historia.

Sisemi kwamba karanga zilileta vurugu za gesi, hapana. Sisemi pia kwamba kuchoma nyumba ya mtu ni haki. Ninachosema ni hiki: mtu anayejua kisa cha reli hadi mwisho wake anawaelewa watu wa mahali pale wanapouliza "sisi tutabaki na nini?" Anajua kwamba swali lile lina umri. Anayejua vifaru tu atalisikia swali lile akalidhani ni ukaidi. Ndivyo tulivyolisikia sisi.

Kwa hiyo niache kuandika "je, wajua"? Wala. Nenda Shangani asubuhi uwatazame wavuvi. Bila chambo samaki haji, na hakuna mvuvi anayeona haya kuweka chambo. Lakini chambo kisicho na mshipi ni kulisha samaki tu: wanakuja, wanakula, wanaondoka, nawe unarudi nyumbani na ndoo tupu ukisifia jinsi walivyokuwa wengi.

Mimi nimejiwekea masharti yangu madogo. Nikiona jambo la kuchekesha kwenye kamusi elezo, kwanza naisoma makala yote, kisha nakitafuta kitabu ambako makala imelitoa. Halafu namuuliza mzee mmoja wa mahali pale. Na kabla sijabonyeza, najiuliza swali la yule mwalimu: watu walikuwa wangapi?

Na iko kazi nyingine, kubwa kuliko kuokota vidokezo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na inaandikwa na wanaojitolea. Mwaka 2009 Google ilifanya shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki waandike makala humo, makala nyingi zikaandikwa, shindano likaisha, wengi wakaondoka. Milango iko wazi bado. Ile makala ya Mtawanya, yenye mkoa na wilaya na hesabu ya watu, inamsubiri mtu anayepajua. Aandike wanaishi kwa nini, wametoka wapi, nani alifungua shule ya kwanza, na aonyeshe amelipata wapi. Wewe unayesoma hapa na bibi yako yuko kule, unasubiri nini?

Nimempigia simu mwalimu kumwambia deni limelipwa. Akacheka. "Marahaba mwanangu," akasema, "sasa njoo nyumbani nikupe hadithi ya reli." Nakwenda. Nikirudi nitawasimulia, yote.